Asubuhi Tulipomcheka Kambo

Mkuu wetu wa shule alikuwa na jina la bibi yangu mzaa baba. Kwetu Kamina jambo kama hilo halipiti hivi hivi. Mtu akibeba jina la bibi yako, huyo ni bibi yako, hata kama mmeonana jana kwa mara ya kwanza, hata kama wewe ndiye mwenye mvi. Unamwita kambo, yaani bibi kwa lugha yetu, naye anakuita mjukuu, na tangu hapo mna ruhusa ya kuambiana maneno ambayo mwingine akiyasema atakula kofi. Mjukuu humwambia kambo wake kwamba amechakaa, kwamba anachelewa kufa, kwamba watu wanasubiri kugawana sufuria zake. Kambo humjibu kwamba yeye ni mume aliyempata kwa bahati mbaya, mvivu na mwenye masikio makubwa. Hakuna anayenuna. Anayenuna ndiye mwenye kosa, na watu watamshangaa kana kwamba hakulelewa.

Naeleza haya kwanza kwa sababu mtu asiyeyajua atasoma yaliyobaki na kuniona katili. Katili sikuwa. Ila hilo halinipunguzii kitu.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la sita katika shule ya msingi, mtaa wa pembeni, ambako reli inapita nyuma ya vyoo vya watoto na somo husimama kila treni inapopiga honi, yaani si mara nyingi. Walimu tulikuwa wachache na wenye ndimi kali. Mkuu mmoja alikuwa ameondoka kwa hasira, aliyemfuata akaondoka bila kuaga, na sisi tuliobaki tulizoea kufanya kazi kila mtu kivyake, mlango wa darasa umefungwa. Tulipoambiwa kwamba anakuja mwanamke, tena wa familia ya Kasai, mkoa mwingine kabisa, baadhi yetu walikunja uso. Mwalimu wa darasa la kwanza, mama mtu mzima aliyewafundisha kusoma hata baadhi ya wazazi wa watoto wetu, alisema waziwazi kwamba yeye hatapokea amri ya mgeni.

Mgeni mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Kamina. Baba yake alikuwa karani hapa hapa mjini. Katika miaka ile watu wa Kasai walipofukuzwa mkoani kwetu warudi kwa babu zao, yeye alikuwa msichana mdogo. Alilala kituoni juu ya magunia pamoja na mama yake na wadogo zake, wakingoja treni. Alirudi akiwa mtu mzima, ana diploma ya ualimu na binti mmoja, mume alikuwa amekwisha kufariki. Hakupenda kuyasimulia hayo. Mara moja tu aliniambia kwamba pale kituoni mama yake alikuwa akiwatania kutwa nzima, kwa sababu mtoto mmoja akianza kulia wote wanaanza, na wakianza hakuna wa kuwanyamazisha.

Siku ya kwanza alisimama mbele yetu ofisini, akataja jina lake lote. Nikaruka kitini kabla sijafikiri.

"Eh! Kambo yangu huyu!"

Akanitazama tangu viatu hadi kichwa, pole pole, kama mtu anayechagua kuku sokoni.

"Huyu mujukulu wa sura mubaya, balimutoa wapi?" akauliza. "Minyi niliachaka hapa bajukulu bazuri."

Ofisi nzima ikapasuka kwa kicheko. Mwalimu wa darasa la kwanza, aliyekuwa amekaa mikono kifuani, alijizuia kwa muda, kisha na yeye akacheka hadi akatafuta kitambaa cha kufutia macho. Tangu siku hiyo sikumsikia tena akitaja habari ya mgeni.

Hivyo ndivyo utani ulivyoingia shuleni. Mkuu aliugeuza kuwa njia ya kazi. Kila asubuhi, kabla ya bendera, walimu wote tulikutana mlangoni pa ofisi, na kila mmoja alisema lililomshinda jana. Ukisema, unataniwa. Ukishataniwa, wenzako wanakusaidia. Mwalimu wa darasa la tatu alipokiri kwamba hesabu za kugawanya zimemtoka yeye mwenyewe kichwani, tulimcheka hadi akaketi chini, halafu mchana mama wa darasa la kwanza akakaa naye kwenye dawati la watoto wakagawanya pamoja. Zamani angeficha mwaka mzima. Mimi mwenyewe, mwenye kiburi kama mnavyoanza kunijua, nilijifunza kusema "jana darasa lilinishinda" bila kutafuta visingizio.

Halafu mvua za kwanza zikaja na upepo, zikang'oa mabati ya madarasa mawili. Tulifika asubuhi tukakuta bati moja limelala relini na madawati ya darasa langu yanakaribia kuelea. Nilikuwa tayari kurudi nyumbani, nasema kweli. Mkuu alikuwa amesimama katikati ya darasa, viatu mkononi, maji yamemfika juu ya vifundo vya miguu.

"Mujukulu," akasema, "kila siku ulikuwa unalia kusema mu kalasi yako iko giza. Angaria sasa. Mungu amekusikia."

Unaweza kumchukia mtu kwa neno kama hilo, au unaweza kuvua viatu. Nilivua viatu, na wenzangu pia. Tulibeba madawati, tukafunga turubai, tukagawa watoto wengine wasome asubuhi na wengine mchana. Mwalimu wa darasa la nne alipoona hali hiyo akapata kazi Lubumbashi na kuondoka. Mkuu akasema darasa lake la mchana atalichukua yeye mpaka apatikane mwingine. Mwingine hakupatikana. Sisi tulishukuru na kuendelea na mambo yetu, kwa sababu yeye alikuwa mtu wa namna hiyo. Hata mkaguzi alipokuja alituita mfano kwa mji mzima, tukavimba vichwa kwa majuma.

Mkuu alianza kubadilika baada ya Noeli. Watoto wakishatoka alibaki amekaa ofisini, hafanyi kitu. Alikuwa akinyoosha na kukunja vidole vya mkono wa kulia kama mtu aliyelalia mkono. Mara mbili alimwita mtoto mmoja kwa jina la mwingine, na tulimtania kwa hilo, naye akatujibu vizuri tu. Mimi niliyaona haya yote, na nayaandika hapa kwa sababu watu wa huruma huniambia, "Lakini baba, haukujua." Nilijua. Sehemu kubwa yangu ilijua. Nilijua pia kwamba yeye akiketi chini, anayefuata kusimama mahali pake ni mimi, na sikutaka.

Asubuhi ninayoizungumzia ilikuwa ya manyunyu. Tulisimama mlangoni tumebanana ili tusilowane. Kila mmoja alisema la kwake, tukacheka, na zamu ikamfikia yeye. Kwa kawaida alimaliza kwa kunipiga mimi neno moja kali na kwenda kwenye bendera. Siku hiyo alijiegemeza kwenye mwimo wa mlango.

"Bajukulu bangu," akasema, "kambo wenu amechoka. Kichwa inaniuma tangu juma ingine, na hii mukono iko kama haiko ya kwangu. Naomba muntu mumoja tu anishikie kalasi ya kisha saa sita, juma moja. Nipumuzike kidogo, kisha nitarudia."

Alisema akitabasamu. Alituita wajukuu kwa sababu tulikuwa hatujawahi kuzungumza naye kwa lugha nyingine. Kwa mwaka na zaidi tulikuwa tumemwachia mlango mmoja tu wa kupitishia maneno, naye akapitisha ombi lake humo humo.

 Kila mtu akawa anatazama viatu vyake na kuhesabu mizigo yake. Mama wa darasa la kwanza alifungua mdomo. Nafikiri alikuwa anataka kukubali. Mimi nikamuwahi.

"Kambo, pole pole na kufa!" nikasema. "Bado haujatuonyesha kwenye ulificha urithi. Na kama ni kupumuzika, utapumuzika mu kaburi, kule nafasi iko mingi."

Walicheka. Walicheka kwa nguvu, kama watu walioondolewa mzigo, na ndivyo ilivyokuwa. Nilijisikia mjanja. Alicheka na yeye, akanionyesha kidole.

"Basi mutanizika na chaki mu mukono," akasema, akaenda kwenye bendera.

Juma lile halikuisha. Ilikuwa mchana, mimi nasahihisha daftari za watoto chini ya turubai, wakaja watoto wa darasa la nne wakikimbia. Hawakulia. Walikuwa na mshangao tu.

"Mwalimu, Mama Direktrisi anaandika mubaya."

Nilipoingia alikuwa bado amesimama, chaki mkononi, uso umeelekea ubao. Mstari wa kwanza ulikuwa umenyooka, mwandiko ule wake mzuri wa kizamani. Wa pili ulikuwa unateremka. Wa tatu uliteremka kabisa hadi kwenye ukingo wa ubao, herufi zimelaliana, na yeye alikuwa anajaribu kuendelea chini, ukutani. Nikamwita kambo. Akageuka kunijibu, na upande mmoja wa mdomo haukugeuka pamoja na mwingine. Nikamdaka kabla hajafika sakafuni.

Tulimpeleka hospitali kwa pikipiki, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika, mama wa darasa la kwanza kwenye pikipiki ya pili. Daktari alikuwa kijana mpole. Alisema ni shinikizo la damu, kwamba mshipa umepasuka kichwani, kwamba ataishi lakini kuhusu upande wa kuume na usemi hawezi kuahidi kitu. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayejaza tu habari:

"Kabla ya leo, hakusema anajisikia vibaya?"

 Mama wa darasa la kwanza alinitazama, akaangalia pembeni.

"Alisema," akajibu.

Wenye mamlaka waliniweka mimi kushika nafasi yake. Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kufuta mkutano wa mlangoni. Niliona utani ndio uliomwangusha, na nilitaka shule yenye heshima. Walimu wakaanza kufika, kunisalimia "jambo Direktere", na kwenda madarasani. Niliipenda heshima ile kwa siku chache. Baadaye milango ikafungwa tena kama zamani. Turubai likachanika na kila mtu akasogeza madawati yake pembeni bila kumwambia jirani. Mwalimu wa darasa la tatu akaacha kuja, hivi hivi, bila neno. Nilimwandalia barua ya onyo, na nilikuwa na hasira naye, hasira ya kweli. Ni mama wa darasa la kwanza aliyekwenda kwake na kurudi na habari kwamba watoto wake wote walikuwa na malaria na mkewe yuko kijijini.

Aliingia ofisini kwangu bila kubisha.

"Baba, acha nikuambie, minyi niko mukubwa kwako," akasema. "Weye unawaza ni masheka ya pale mulangoni njo ilimuangusha Mama. Hapana. Masheka ilimubeba, na ilitubeba shiye bote. Ile siku tulikosa tu muntu wa kunyamaza na kumuuliza, Mama, ni kweli? Ni kile tu. Minyi pia nilicheka. Sikosi kulia juu yake."

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Tukarudisha mkutano wa mlangoni. Tukaongeza jambo moja, na halikuwa wazo langu peke yangu: aliye na neno zito asimame kwanza na kuingia ndani, akae kwenye kiti, na aliyekaa hatumcheki. Wa kwanza kukaa alikuwa yule mwalimu wa darasa la tatu. Tulisimama mbele yake hatujui mikono tuiweke wapi. Mtu mmoja akakohoa. Kisha tukagawana watoto wa darasa lake mpaka wa kwake walipopona. Kazi ilienda. Watoto wa la sita walifanya mtihani wao wa mwisho, wengi wakapita, na mkaguzi aliporudi alituita tena timu yenye nguvu. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilikwenda nyuma ya vyoo nikasimama kutazama reli, nikaona uchungu ambao sikuwa na wa kumwambia, kwa sababu yule ambaye ningemwambia hakuwa na mdomo wa kunijibu.

Na muda huo wote sikuwa nimekwenda kumwona. Naliandika hili haraka ili nisilirembe. Tangu alipotoka hospitali alikuwa nyumbani kwa binti yake, karibu na barabara ya kituoni, mahali ninapopita kwa baiskeli kila ninapokwenda sokoni. Nilituma sukari. Nilituma sabuni, na salamu kwa kila mtu aliyekwenda. Mwenyewe nikazunguka njia ya nyuma. Mjukuu akiingia kwa kambo wake lazima aingie na utani, hiyo haina mjadala. Kuingia na uso mzito ni kumwambia kwamba amekwisha. Na mimi utani ulikuwa umenikatikia palepale mlangoni pa ofisi, asubuhi ile. Nilichokuwa nacho ni ombi la msamaha, na kila nilipolipanga kichwani lilionekana refu mno au fupi mno.

Nilikwenda Jumapili moja baada ya misa. Alikuwa amekaa mlangoni, kitenge miguuni, mkono wa kuume umelala mapajani. Nywele zake alizokuwa akizificha chini ya kilemba zilikuwa nyeupe zote. Binti yake aliniona kwanza.

"Mama, mujukulu wenu amekuya! Ule wa sura mubaya."

Alinyanyua kichwa. Macho yalikuwa yake yaleyale, makali, hayakupungua kitu. Daktari alikuwa amesema anaelewa yote anayoambiwa, na niliona ni kweli. Aliniona, na uso wake, ule upande uliobaki, ukajiandaa. Alikuwa anangojea neno langu la kuingilia. Alinyoosha hata shingo kidogo.

Sikuwa nalo. Nilivuta kibao, nikakaa mbele yake, nikaushika ule mkono wa kuume kwa mikono yangu miwili. Ulikuwa mzito, na wa baridi kuliko hewa.

"Mama," nikasema, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, "nimekuya kuomba musamaha. Ile asubuhi ulituomba, na minyi nilikucheka. Nilijua kama umechoka. Nilijua. Niliogopa tu utanipatia ile kazi. Unisamehe."

Alinitazama. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na sauti ikamtoka kifuani, nene, yenye kukwama. Nilifikiri analia, nikainamisha kichwa. Binti yake ndiye aliyepiga makofi.

"Anacheka! Baba, angaria, anacheka! Tangu agonjwe hajacheka hivi!"

Nikainua macho. Kambo alikuwa anacheka kwa nusu ya uso wake, machozi yanamteremka, mkono wa kushoto unapiga goti kama zamani ofisini. Ni nani aliwahi kuona mjukuu akimwangukia kambo wake kuomba msamaha? Kati yao hakuna kosa. Ndivyo tulivyolelewa, yeye na mimi. Alidhani nimekaa miezi yote ile nikimtungia utani mkubwa kuliko wote, na sasa nimeuleta. Alinionyesha kidole, akajaribu kusema neno, likashindikana, akacheka tena.

"Endelea, baba," binti akaniambia, anafuta macho yake mwenyewe kwa ncha ya kitenge. "Tafazali, umuambie tena."

Nikaushika tena ule mkono, nikamwambia tena, neno kwa neno, nikimtazama machoni. Na yeye akacheka.